Kwa Nini Bolti Hukataa Kutoka

Barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu huteremka hadi bonde la Subukia, kisha hupanda tena. Gari linalofanya kazi huku hupata joto kwenye breki wakati wa mteremko, hurukiwa na tope kwenye njia za mashambani, kisha hulala nje penye umande. Muda si muda, bolti ya ekzosi au ya breki inakataa kutoka. Wengi huchomeka bomba kwenye mpini wa spana na kuvuta kwa nguvu zaidi, mpaka kichwa kilike au bolti ikatike. Kabla ya kuvuta, tujiulize: ni nini hasa kinachoishika?

Chukua bolti nene milimita 10, ile ambayo kwenye magari mengi ya Kijapani hufunguliwa kwa spana namba 14. Mwilini mwake kuna hesi, yaani mitaro inayozunguka kuelekea juu. Tuseme kila mzunguko mmoja huisogeza milimita 1.25. Ukishika spana sentimita 25 kutoka kwenye bolti, mkono wako husafiri takriban milimita 1,570 katika mzunguko huo. Mkono umesafiri zaidi ya mara 1,250 ya mwendo wa bolti. Kwa sheria ya wenzo, ukivuta kwa nguvu ya kuinua kilo 20, bolti ingepaswa kubana kwa uzito wa tani 25.

Lakini haibani hivyo. Hubana kwa takriban tani 2.5 tu. Sehemu tisa kwa kumi za nguvu yako zimeliwa na msuguano: karibu nusu chini ya kichwa, iliyobaki kwenye hesi. Kile kidogo kinachosalia huivuta bolti na kuirefusha kidogo sana, nayo kwa kutaka kurudi urefu wake wa awali ndiyo inayobana vyuma pamoja. Msuguano huohuo huizuia isijifungue gari linapotikisika.

Hapo tunaona jambo muhimu. Bolti iliyokazwa vizuri hufunguka kwa nguvu pungufu kidogo kuliko ya kuikaza, kwa kuwa ule mvuto wake wenyewe hukusaidia. Ikidai nguvu nyingi kuliko hiyo, kuna kitu kimeongezeka. Mara nyingi ni kutu. Chuma kikikutana na maji na hewa, oksijeni huingia ndani yake, na kutu inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndani ya hesi hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo kutu hujikandamiza na kushindilia pande zote mbili. Adui yako ni huo msuguano ulioongezeka, na bomba refu haliupunguzi. Linaongeza tu mzigo kwenye shingo ya bolti.

Basi shambulia msuguano kwanza. Sugua hesi zinazoonekana kwa brashi ya waya. Tia mafuta mepesi ya kupenya kutu, kisha subiri, hata usiku kucha. Mafuta mepesi hujivuta yenyewe ndani ya nyufa nyembamba, lakini huhitaji muda. Gonga kichwa kwa nyundo, sawasawa na si kwa hasira. Mtikisiko huvunja ganda la kutu na kufungua njia ya mafuta. Kisha kaza kidogo, legeza kidogo, rudia. Kila mzunguko mdogo husaga kutu.

Ikikataa, tumia moto. Chuma cha milimita 10 kikiongezwa joto la nyuzi 300 hupanuka takriban milimita 0.036, karibu nusu ya unene wa unywele. Nati ikipashwa joto, tundu lake hukua pamoja nayo. Kwa hiyo elekeza moto kwenye nati, si kwenye bolti. Usiwashe moto karibu na tangi la mafuta, mabomba ya breki au raba, na usipashe kitu kilichonyunyiziwa mafuta bado mabichi.

Kichwa kikianza kulika, acha spana ya mdomo wazi. Tumia soketi ya pembe sita, inayoshika pande bapa badala ya ncha. Kikiwa kimeshakuwa duara, fundi wa kuchomelea huweka nati juu ya kichwa, huiunganisha kwa ndani na kuifungua ikiwa bado ina moto. Njia hii hupatia bolti kichwa kipya na joto kwa pamoja. Tenganisha betri kwanza.

Unaporudisha bolti, safisha hesi na upake grisi ya kuvumilia joto pale panapopata joto. Lakini kumbuka ile hesabu: ukipunguza msuguano, nguvu ileile ya mkono huzalisha mbano mkubwa zaidi. Anayepaka mafuta na kukaza kama zamani anaweza kuivuta bolti kupita kiasi. Fuata kipimo cha kitabu cha gari, na uangalie kama kinataja hesi kavu au zenye mafuta.