Bwana Msa Ashuka Treni Lembeni: Mafunzo Niliyopata

Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi alimleta Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Baadaye walikuja wapelelezi wenye bastola, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa. Moyo wangu ulibaki kwa mtu wa kiko, nikamwandikia hadithi fupi na kumleta kwetu Lembeni, Upareni.

1. Mtafutie mkasa unaomhitaji yeye hasa. Bwana Msa hung'aa pale hofu inapowafumba watu macho: wao wanasema mzimu, yeye anatafuta mkono wa mtu. Upareni mkasa huo niliupata kwenye ndiva, bwawa la udongo ambalo wazee wetu walilichimba likusanye maji ya kijito usiku kucha, asubuhi lifunguliwe na maji yashuke mferejini kwa zamu. Katika hadithi yangu kunapambazuka ndiva ni tupu. Wengine wanasema wahenga wamekasirika. Wengine wanamshika mlinzi wa zamu, eti ameuza maji usiku.

2. Mnyime ujuzi. Hili ndilo lililonifundisha zaidi. Mhusika tunayempenda tunatamani ajue kila kitu, lakini Mzanzibari huyu hajawahi kuona ndiva. Ameshuka treni iliyotoka Tanga, miaka ya 1960, Lembeni ikiwa bado wilaya ya Pare, kabla Mwanga haijatengwa na Same mwaka 1979. Mbele yake nyika kavu na mkonge, nyuma milima ya kijani. Basi inambidi aulize.

“Shikamoo, bibi. Maji yakijaa hufika wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Hufika pale penye jiwe.”

Anatazama. Chini ya jiwe tope limepasuka kwa ukavu. Ubichi unaanzia chini kabisa, kimo cha kifundo cha mguu. Ndiva haikufunguliwa usiku. Haikujaa! Mwizi atafutwe juu, kijito kinakotokea, na mlinzi hana hatia. Akili yake yote imeonekana katika swali moja, tena la mtu asiyejua.

3. Kiko kitoke mara moja tu, kikiwa na kazi. Pale kwenye ndiva anakitia tumbaku, hakiwashi, kwa sababu anafikiri.

4. Badilisha macho yanayomtazama. Najum, rafiki yake, nilimwacha Unguja. Msimulizi wangu ni binti wa mlinzi, mwenye ndoo kichwani, na kwa kuwa heshima ya baba yake imo hatarini, hata ukimya wa mgeni kwake ni jambo zito.

5. Taja mwenye mhusika. Abdulla alifariki 1991, na kwa sheria ya Tanzania ya 1999 hakimiliki huendelea miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Jina lake nimeliandika juu kabisa, na hadithi naisoma na marafiki. Kuichapa na kuiuza kungetaka idhini ya warithi.

6. Usimpe ushindi wote. Jina la aliyegeuza kijito analitaja bibi, mbele ya wazee, kwa kuwa shamba lililolowa analijua. Faini wanaipanga wao, na zamu ya kesho wanampa mlinzi. Bwana Msa anaaga na kwenda stesheni.