Kabla ya Kubadilisha Chakula cha Nyumbani, Tuulize Kwanza

Somo hili ni la kusomwa kikundini. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

Kikundi kimoja cha akina mama tulichotembelea kilikuwa kimefundishwa na mgeni. Aliwaambia waache unga wa gredi, sukari, mafuta, maziwa na mayai. Wale vyakula vizima tu: mahindi ya kusagwa na maganda yake, wimbi, maharagwe na mboga za kienyeji. Wote wakakubali siku hiyo hiyo. Baada ya miezi miwili wengi walikuwa na furaha. Choo kimekuwa laini, na pesa za duka zimepungua. Lakini mama mmoja alitufungulia kadi ya kliniki ya mtoto wake wa mwaka mmoja. Mstari wa uzito ulikuwa umelala. Mtoto alikuwa anashiba uji mwepesi wa wimbi, lakini hakui.

Je, mgeni alidanganya? Hapana. Mengi aliyosema ni kweli. Shida ni kwamba hakuna aliyemwuliza swali, hata sisi tuliofika baadaye tukapiga makofi. Basi tujifunze maswali manne.

1. Walitazama tu, au walijaribu?

Daktari Denis Burkitt alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940. Aliona kwamba watu wa vijijini, waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, hawakupata sana magonjwa ya utumbo yaliyokuwa mengi Uingereza. Aliandikia hospitali nyingi za misheni Afrika kuuliza kama nao wanaona hivyo. Katika miaka ya 1970 mafundisho yake yalienea duniani, na mpaka leo tunaambiwa nyuzinyuzi ni nzuri. Ni kweli ni nzuri. Lakini mtu wa kijijini hakutofautiana na Mwingereza kwa chakula peke yake. Alitembea sana, alilima kwa jembe, na wengi hawakufikia uzee ambao magonjwa hayo hutokea. Ukitazama tu, huwezi kujua kwa hakika ni jambo gani lililomlinda.

Tazama yaliyotokea Ufini, huko Ulaya. Wataalamu walikuwa wameona kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hawapati sana saratani ya mapafu. Wakafikiri siri ni beta-karotini, ile rangi iliyo katika karoti na mboga. Wakajaribu: wanaume 29,133 wavuta sigara waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, wengine vidonge visivyo nayo. Majibu yalitoka mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Mboga hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuchukua kitu kimoja na kudhani ndicho kila kitu.

2. Walipima nani?

Ushauri mwingi wa kupunguza mafuta na kula nyuzinyuzi ulitokana na kupima watu wazima katika nchi tajiri. Mtoto mdogo si mtu mzima mdogo. Tumbo lake ni dogo, na likijaa uji mwepesi hakuna nafasi ya chakula cha nguvu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji uji mzito, ulioongezwa njugu za kusagwa, maziwa au yai, na kulishwa mara nyingi kwa siku. Mama mjamzito naye ana mahitaji yake. Mwenye ugonjwa wa sukari au anayetumia dawa za kila siku aongee na daktari kwanza.

3. Ukiondoa hiki, utaweka nini mahali pake?

Kwa miaka mingi watu wa Ulaya na Marekani waliambiwa waache siagi, watumie majarini. Majarini nyingi za wakati huo zilikuwa na mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani. Katika miaka ya 1990 utafiti ulionyesha kwamba mafuta ya aina hiyo huharibu moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote ziyaondoe katika chakula. Kumbe walikimbia moshi wakaingia motoni.

Na sisi je? Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini ya chuma na zinki. Ukihamia unga wa posho unapata maganda na kiini, ni vizuri, lakini vile vilivyoongezwa huvipati. Tena maganda ya nafaka yana kitu kinachozuia mwili kuchukua chuma. Basi kula ugali huo pamoja na mboga za majani, maharagwe na tunda. Loweka nafaka au uchachushe uji, hiyo hupunguza kizuizi. Chai usinywe pamoja na chakula, ngoja kama saa moja.

4. Chakula chenyewe kikoje hapa kwetu?

Hili ndilo kubwa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Nayo hukaa zaidi katika maganda na kiini, zile sehemu tunazoambiwa tusitupe! Anayekoboa muthokoi hupunguza sumu, ingawa haimalizi. Kwa hiyo unga mzima ni mzuri ikiwa mahindi ni mazuri.

Pima hivi: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha uache kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Anika tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, tupa. Usiwape hata kuku, wala ng'ombe wa maziwa.

Basi tufanyeje?

Hatusemi mrudi kwa sukari na unga mweupe. Tunasema msibadilishe kila kitu kwa siku moja. Anzeni na jambo moja, mngoje, mtazame. Kadi ya kliniki ya mtoto ni mwalimu mzuri kuliko mgeni yeyote, na kuliko sisi pia. Yule mama alirudisha maziwa na mayai, akaongeza njugu kwenye uji. Ugali wa unga mzima hakuuacha. Mstari ukaanza kupanda.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni ushauri gani wa chakula tumeupokea bila kuuliza? Aliyetushauri alikuwa anauza kitu?
2. Katika nyumba zetu, ni nani asiyefaa kula sawa na watu wazima?
3. Mahindi yaliyo ghalani sasa, nani ameyapima? Kila mwanachama alete kikombe kimoja mkutano ujao, tupime pamoja.