Programu Gani ya Kutengenezea Muziki? Majibu kwa Anayeanza Simiyu

Kijana wa Bariadi, Maswa au Mwanhuzi anayetaka kutengeneza biti huanza kwa kuuliza programu ipi ni kali kuliko zote. Wengi wanaomjibu humtajia ile wanayoitumia wao, basi. Swali lenye faida ni jingine: una kifaa gani mkononi, na unataka kurekodi sauti ya mtu au kupanga milio tu? Ukishajibu hayo mawili, orodha ndefu ya majina hubaki na programu mbili au tatu.

Programu hizi hufanya kazi gani?

Ni studio iliyowekwa ndani ya kompyuta. Humo unapanga ngoma, besi na kinanda, unarekodi sauti juu yake, unapima kila chombo kisikike kwa kiasi gani, kisha unatoa faili moja la wimbo uliokamilika. Usizichanganye na Audacity, ambayo ni ya bure na nzuri kwa kurekodi na kukata sauti lakini haikutengenezwa kwa ajili ya kupanga biti, wala na Virtual DJ, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchezesha nyimbo ambazo tayari zipo.

Hata hivyo, mpaka huo nao umevukwa, tena hapahapa nchini. Vijana wa singeli wa Dar es Salaam walichukua Virtual DJ, wakakimbiza vipande vya muziki mpaka mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na kompyuta ikawa ala ya kupigia jukwaani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wenye kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na baada ya hapo watu wa Ulaya wakaanza kuwaita wapiga singeli kwenye matamasha yao. Vifaa vyao havikuwa vya gharama. Walizijua programu zao nje ndani.

Kwa nini kila prodyuza anataja FL Studio?

Kwa sababu ndiyo iliyoenea, na kuenea kwake kuna sababu. Kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliitoa mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, na mpaka leo wapo wanaoiita Fruity. Ukiifungua unakuta safu ya vitufe 16. Unabonyeza hapa na pale, na ngoma imeanza kulia. Mtu ambaye hajawahi kusoma nota anapata biti ya kwanza ndani ya saa moja. Faida ya pili ni kwamba ukikwama, kuna uwezekano mkubwa wa kumpata mtu Bariadi au Mwanza anayeijua, na mafunzo yake ya video kwa Kiswahili yapo.

Faida ya tatu wengi hawaijui: ukiinunua mara moja, matoleo mapya unayapata bila kulipa tena. Bei hutegemea daraja. La chini limekuwa likiuzwa karibu dola 99, na linalofuata halijafika dola 200. Kabla ya kulipa soma jedwali la tofauti za madaraja kwenye tovuti yao, hasa kuhusu kurekodi sauti, kwa kuwa miaka mingi daraja la chini lilikuwa na mipaka katika jambo hilo. Malipo yanaweza kufanywa kwa kadi ya benki, au kwa kadi pepe zinazotolewa na mitandao ya simu.

Toleo la majaribio ni la bure na halina kikomo cha siku, ila lina mtego mmoja. Utahifadhi kazi yako, lakini ukiifunga hutaweza kuifungua tena mpaka ununue. Wimbo wenyewe unaweza kuutoa kama faili la sauti wakati wowote. Kwa hiyo anayejaribu amalize kipande kwa mkao mmoja na akitoe kabla ya kuzima kompyuta, na umeme usimkatikie njiani.

Sina pesa. Ipo ya bure inayofaa?

Ipo. LMMS ni ya bure kabisa, imekuwepo tangu mwaka 2004, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Mpangilio wake unafanana na FL Studio, kwa hiyo unachojifunza humo hakipotei ukihama. Upungufu wake ni mmoja, lakini ni mkubwa: toleo lake la kawaida halirekodi sauti. Anayetengeneza singeli isiyo na mwimbaji au muziki wa dansi hatasumbuka. Mwenye mwimbaji atalazimika kurekodi kwa Audacity, kisha aiingize sauti hiyo kwenye LMMS.

Reaper iko upande wa pili kabisa. Inarekodi vizuri sana, ni nyepesi, na faili lake la kusakinisha halifiki hata megabaiti 50, jambo la maana kwa anayenunua bando. Unaitumia siku 60 bila kulipa ikiwa kamili, kisha wanaomba dola 60 kwa mtu binafsi. Ukiifungua, hata hivyo, ni kimya: vinanda na ngoma zake ni vichache mno, itakubidi utafute vya bure uviongeze. Anayeanza na biti anaweza kuikatia tamaa mapema. Anayeanza na waimbaji ataipenda.

Mwenye kompyuta ya Mac au iPhone asihangaike kwanza na nyingine. GarageBand ni ya bure na inatosha kwa muda mrefu.

Nina simu tu. Nisubiri?

Usisubiri. BandLab ni ya bure kwenye Android, ina ngoma na vinanda, inarekodi sauti, na kazi yako huhifadhiwa mtandaoni, hivyo simu ikiibwa wimbo unabaki. Gharama yake ni intaneti. FL Studio Mobile ni ya kulipia, lakini hufanya kazi bila mtandao, na kazi yake inaweza kuendelezwa kwenye FL Studio ya kompyuta.

Tatizo la simu nyingi za Android ni sauti kuchelewa: unagusa kitufe sasa, ngoma inalia baadaye kidogo. Tumia hedfoni za waya. Za bluetooth huongeza ucheleweshaji, na hakuna mpangilio wa programu utakaouondoa.

Kompyuta yangu ni ya mtumba. Itaweza?

Angalia vitu vitatu: RAM, aina ya diski, na toleo la Windows. RAM ya GB 4 inatosha kuanzia, GB 8 inakupa raha. FL Studio za sasa zinadai Windows 10 kwenda juu. Kompyuta ya zamani zaidi ya hapo, au yenye mfumo wa 32-bit, ielekeze kwenye LMMS au Reaper, ambazo zimeendelea kuwajali watu wa aina hiyo. Fundi akikuuliza uongeze nini kwanza, mwambie aondoe diski ya kuzunguka aweke SSD.

Sauti ikikatikakatika au kinanda kikichelewa, usikimbilie kubadilisha programu. Kwenye Windows weka ASIO4ALL, dereva ya sauti ya bure, kisha ongeza kidogo ukubwa wa bafa (akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kulia) unapochanganya sauti na uupunguze unaporekodi. Malalamiko mengi kwamba “programu hii ni nzito” huishia hapo.

Na betri iwe nzima. Kazi isiyohifadhiwa haiisubiri TANESCO.

Kuna anayeniwekea iliyokrakiwa kwa pesa ya soda. Kuna ubaya gani?

Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ileile inayolinda nyimbo zako. Ukiacha sheria, mafaili ya kukraki ni njia maarufu ya kusambaza virusi, na ili kuyasakinisha kwa kawaida unaambiwa uzime kinga ya kompyuta kwanza. Flashi iliyobeba biti zako mchana ndiyo itakayobeba virusi kwenda kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo jioni. Penye LMMS ya bure na Reaper ya siku 60, sioni sababu ya kuingia huko.

Nataka kuingiza ngoma za Kisukuma kwenye biti. Programu ipi inafaa?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ndilo mafunzo ya video hayalijibu. Karibu programu zote hufunguka zikidhani muziki unahesabika kwa nne, ndiyo maana vitufe ni 16. Ngoma nyingi za kwetu haziendi hivyo. Jipime: piga mguu pamoja na ngoma, kisha hesabu mapigo madogo yanayoingia kati ya mguu na mguu. Ukipata matatu, badilisha safu iwe ya hatua 12, au badilisha mpangilio wa mapigo wa wimbo mzima. FL Studio na LMMS zote zinakuruhusu. Asiyejua hilo hulazimisha ngoma iingie kwenye vitufe 16, na mcheza ngoma halisi akiisikia anajua kuna kitu kimevunjika, hata kama hawezi kukitaja.

Jambo la pili ni mwendo. Kikundi cha bugobogobo, ngoma ya majembe ya Kisukuma, kikiinua majembe hakifuati saa ya kompyuta. Kikipata moto kinakimbia. Ukirekodi dakika tano na kuziweka chini ya biti isiyobadilika, vitaachana njiani. Kata mzunguko mmoja mzuri na uurudie, au acha rekodi yote kama ilivyo, zima mshiko wa gridi (snap), na upange vinanda kwa sikio. Kwa njia hii ya pili Reaper inazishinda zote nilizozitaja.

La tatu ni sauti za waimbaji. Waimbaji wa ngoma hawakupanga sauti zao kwa kinanda cha kiwandani. Wengi hukimbilia kuwanyoosha kwa programu ya kurekebisha sauti, na ladha yote inapotea. Fanya kinyume: pandisha au shusha kinanda kidogokidogo mpaka kikutane nao. Kazi ya dakika chache.

Simu inatosha kurekodia, mradi itoe faili la WAV. Simama hatua kadhaa kutoka kwenye ngoma ili sauti isipasuke, na kaa upande usiopigwa na upepo. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama sauti ya kawaida inaweza kubanwa na kupungua ubora.

Usiondoke bila kuzungumza na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kikundi. Sheria niliyoitaja ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na manju naye ana haki juu ya utunzi wake mwenyewe. Andikeni makubaliano kabla wimbo haujatoka. Afisa Utamaduni wa halmashauri atakuelekeza utaratibu, na kazi yako iliyokamilika isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukihitaji milio mingine ya bure, Freesound ina hazina kubwa, ila soma leseni ya kila faili, maana si zote zinazoruhusu biashara.

Na Ableton Live?

Ni programu nzuri kwa anayepiga jukwaani, iliyotoka Berlin mwaka 2001. Ina majaribio ya siku 30, na toleo dogo liitwalo Lite huja bure na baadhi ya vinanda vya USB. Kama kinanda ulichonunua kina karatasi yenye namba ya Lite, itumie. Kama huna, haikuhusu bado.

Basi nianze na ipi?

Mwenye simu tu: BandLab. Mwenye kompyuta dhaifu anayepanga biti bila mwimbaji: LMMS. Anayerekodi waimbaji au ngoma halisi: Reaper. Mwenye kompyuta ya Windows 10 na akiba ya kununua: FL Studio, ajaribu kwanza kabla ya kulipa. Ukishachagua, kaa nayo mpaka umalize nyimbo kumi kamili, zenye mwanzo na mwisho, ndipo ufikirie kuhama. Vipande vya nusu dakika usivihesabu.