Shinyanga hadi Geita kwa Baiskeli: Hesabu Ianze na Machweo

Wazo lenyewe ni zuri na halina ubishi. Wanafunzi thelathini, baiskeli thelathini, siku moja, kutoka Shinyanga hadi Geita, na michango inakwenda kwa wanaohitaji. Kwenye kikao kila mtu anapiga makofi. Kazi inaanza pale mtu anapouliza: tutafika saa ngapi?

Kanda hii haina uhaba wa historia ya baiskeli. Shinyanga ni mji ambao daladala zake zilikuwa baiskeli kabla bodaboda haijaingia, na hadi leo Msukuma akikwambia anakwenda mnadani kwa baiskeli, haoni kama amefanya jambo la ajabu. Upande wa hisani pia kuna mfano wa karibu. Tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita, kwa kushirikiana na TACAIDS, umekuwa ukiendesha Kili Challenge: wengine wanapanda Mlima Kilimanjaro, wengine wanauzunguka kwa baiskeli, kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Ila angalieni kitu kimoja. Wale wa baiskeli wanatumia siku kadhaa. Hawajibani kwenye siku moja ili tu tangazo lisomeke vizuri.

Sasa tuje kwenye njia yetu. Lami ya kwenda Geita inapitia Maganzo, jirani na almasi ya Mwadui, kisha Hungumalwa, Mabuki, Misungwi, hadi Usagara. Hapo unaiacha barabara ya Mwanza mjini, unakata kushoto kwenda Kigongo, unavuka ziwa, unatokea Busisi, halafu Sengerema, halafu Geita. Shinyanga hadi Usagara ni kama kilomita 140. Usagara hadi Geita ni kama 90. Jumla 230. Kuna atakayesema tupite Kahama, kwamba kwenye ramani inaonekana karibu. Kwenye ramani, sawa. Lakini kuanzia Tinde hadi Kahama unagawana barabara na malori ya Rwanda, Burundi na Congo, na kundi la wanafunzi wanaoyumba kwa uchovu halina biashara pale.

Jua letu halibadiliki sana mwaka mzima. Mwezi Julai, ambao ni mkavu na unafaa kwa safari, linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama dakika chache kabla ya saa 1 usiku. Mkiondoka saa 12:45, kukiwa kumepambazuka tayari, na mkitaka wa mwisho awe amefika saa 12:15 jioni, mnazo saa kumi na moja na nusu. Toeni saa moja ya chakula cha mchana na vituo vitano vya robo saa. Zinabaki saa tisa na robo za kukanyaga pedali.

Gawanyeni 230 kwa hizo saa. Jibu ni kama kilomita 25 kwa saa, bila kupungua, kutwa nzima. Huo ni mwendo wa watu wa mashindano. Mwanafunzi wa kawaida juu ya Phoenix ya kuazima, au baiskeli ya giya ambayo nusu ya giya zimekufa, anakwenda 16, na hapo amekaza. Kwa saa tisa na robo anapata kilomita 148, yaani ndiyo kwanza ameipita Usagara. Giza linamkuta upande huu wa ziwa, hana taa, mabasi yanampita ubavuni.

Wapo watakaotoboa, sikatai. Kila chuo kina vijana wawili watatu wa aina hiyo, na ndio wanaoongea sana kwenye kikao. Lakini ratiba haipangwi kwa ajili yao. Inapangwa kwa ajili ya yule dada wa mwaka wa kwanza aliyejiandikisha kwa moyo mweupe na hajawahi kuvuka kilomita 30. Kamati imwulize yeye kwanza.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwaka wa kwanza fanyeni Mwanza hadi Geita. Ni kama kilomita 115. Kwa mwendo wa 16 ni saa saba na dakika kumi. Ongezeni mapumziko yaleyale, mnafika kama saa 10:10 jioni. Mnabaki na saa mbili mkononi za pancha, cheni kukatika na mtu kuishiwa nguvu, na hizo saa mbili ndizo zinazoifanya safari iwezekane. Wenzetu wa Kizumbi waje Mwanza kwa basi jana yake, baiskeli zao juu ya Fuso. Zamani kivuko cha Kigongo kingeharibu hesabu yote hii, maana foleni haina ratiba. Sasa kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Jamani, mandhari ya pale peke yake yanatosha kumshawishi mtu ajiandikishe.

Ukishavuka, usidanganyike. Tambarare ya Shinyanga haipo tena. Kuelekea Geita barabara inapanda na kushuka, na inakupata ukiwa umeshachoka. Ndiyo maana lazima kuwe na saa ya kukata, iliyotangazwa mapema na isiyojadiliwa: asiyekuwa ameondoka Sengerema saa 8 mchana anapanda gari. Mbele yake kumebaki kama kilomita 50, zaidi ya saa tatu bila kusimama. Huyo anayepanda gari ahesabiwe kuwa ameshiriki, jina lake lisomwe Geita na wenzake. Akiona aibu atang'ang'ania, na mtu anayeng'ang'ania ndiye anayeanguka.

Maji: robo tatu ya lita kwa saa kwa kila mtu. Kwa saa saba na watu thelathini ni madumu manane ya lita 20. Maji matupu kutwa nzima hayatoshi, jasho linaondoka na chumvi. Lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Ni dawa ileile ya kuhara na inafanya kazi. Chakula msihangaike na vitu vya dukani. Ndizi mbivu na matobolwa mfukoni, unatafuna kidogo kila nusu saa kabla njaa haijaanza.

Nimeacha fedha mwisho makusudi, maana hapo ndipo hisani nyingi zinafia. Tuseme kila mwendeshaji ameleta wachangiaji 20 wa shilingi 2,000. Watu thelathini, jumla ni 1,200,000. Kama pikapu, Fuso, chakula na fulana (fulana tena!) vimekula 900,000, aliyekusudiwa anapata 300,000, na mchangiaji hajui. Gharama za safari zitoke kwa mfadhili au ada ya kushiriki, kabla bumu halijaisha. Michango ya watu iingie kwenye lipa namba yake, isiguswe. Na ikusanywe kabla ya safari: wote tunajua ahadi ya mchango wa harusi inavyokuwa ngumu kuidai harusi ikishapita.

Barua ya polisi wa usalama barabarani ipelekwe mapema, Mwanza na Geita pia, kwa kuwa mnavuka mkoa. Fundi baiskeli awepo ndani ya gari la nyuma, na tyubu, viraka, pampu na spoki. Kila baiskeli aikague yeye wiki moja kabla, aanze na breki. Na Fuso ya kurudisha baiskeli ilipwe kwenda na kurudi kabla hamjaondoka Mwanza. Baiskeli za kuazima zikilala Geita, wenyewe watazidai Jumatatu asubuhi.