TUCHANGE KWA HESABU

Shule za Serikali Tanzania hazina ada hadi kidato cha sita. Lakini paa la darasa likivuja, mara nyingi sisi wanakijiji tunachanga. Tuchangeje?

Kwanza, mkutano wa kijiji ukubali kazi na gharama yake. Tuseme tunataka mabati 40, na bati moja ni shilingi 30,000. Jumla shilingi 1,200,000. Kaya zikiwa 200, kila kaya ni shilingi 6,000. Asiye nazo aje na nguvu zake. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango.

Pili, kila anayetoa apewe stakabadhi. Usikubali kuambiwa, "Nenda tu, tumeshakuandika." Isome: jina, kiasi, tarehe, sahihi ya aliyepokea.

Tatu, fedha zikae benki, si mfukoni mwa mtu.

Nne, mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya kijiji. Tulijifunza kusoma ili tujisomee wenyewe karatasi kama hizo. Basi tuzisome, tuulize. Fedha zikiliwa mara moja, mara ya pili nani atatoa? Watakaonyeshewa ni watoto wetu.

Zoezi: Kaya 150 zimeshatoa. Zimepatikana shilingi ngapi? Bado ngapi?