Moshi wa Kuchomelea: Maziwa Si Kinga

Je, mwanao anasomea uchomeleaji, iwe Kwa Vonza kule Kitui au papo hapo mjini? Akirudi jioni akitetemeka kwa homa, usikate kauli kuwa ni malaria. Mpeleke apimwe, na umweleze daktari kwamba alichomelea mabati. Moshi wa zinki huleta homa saa chache baadaye, nayo hupoa kwa siku moja au mbili. Maziwa wanayoyaamini mafundi wengi hayasaidii: yanaenda tumboni, moshi unaenda mapafuni. Tena mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuorodhesha moshi huu miongoni mwa visababishi vya saratani. Feni ya darini huuzungusha tu. Linalohitajika ni bomba la kuufyonza pale penye cheche, kabla haujafika puani. Ukienda kulipa karo, ingia karakanani uangalie kama lipo.