Wakili wa Mwajiri Hufanya Kazi Gani?

Leo tunajifunza kazi ya wakili anayemtetea mwajiri. Wengi tukisikia hivyo tunafikiri ni mtu wa kukandamiza wafanyakazi. Tusiharakishe. Mwajiri siyo tajiri wa mjini tu. Chama chetu cha msingi cha ushirika, kikiwa na karani na mlinzi, nacho ni mwajiri.

Tuchukue mfano. Magunia sita ya korosho yamepotea ghalani usiku. Asubuhi viongozi wa chama wanamwambia mlinzi aliyefanya kazi miaka minne, "Kuanzia leo huna kazi." Mlinzi anapeleka malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Viongozi nao wanakwenda kwa wakili.

Wakili haanzi kwa kuuliza, "Je, aliiba?" Anauliza: "Mkataba wake uko wapi? Mlimwandikia tuhuma? Mlimpa nafasi ya kujitetea?" Maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: kwamba alikuwa na sababu halali, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri.

Kiongozi mmoja anasema, "Basi tuandike muhtasari wa kikao sasa hivi, tuweke tarehe ya nyuma." Wakili mwema anakataa. Huko ni kughushi. Kazi yake ni kumtetea mwajiri kwa ukweli uliopo. Ukweli ukiwa mdogo, atawashauri wapatane na mlinzi mapema. Kumbe kazi yake kubwa ni ile ya kabla ya ugomvi: kuandika mikataba na kuwaonyesha viongozi utaratibu.

Mlinzi naye ajue haki yake. Malalamiko ya kuachishwa kazi yafike Tume katika siku 30. Halazimiki kuwa na wakili. Anaweza kusimamiwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Tume husuluhisha kwanza. Ikishindikana, mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Mtoto wako akitaka kazi hii, asome shahada ya sheria, kisha mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ndipo aapishwe kuwa wakili mbele ya Jaji Mkuu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Viongozi wa chama walikosea wapi?
2. Kwa nini wakili alikataa tarehe ya nyuma?
3. Je, mlinzi wa ghala lenu ana mkataba wa maandishi? Kama hana, nani ataanza kulishughulikia jambo hilo?